Gego la binti wa miaka 13: kwanini hatukuling'oa

Mama aliingia na ombi moja tu. "Dokta naomba umng'oe, hela ya kung'oa ninayo hapa," akafungua pindo la khanga akatoa elfu ishirini imekunjwa mara nne akaiweka mezani kabla hata sijamkaribisha akae. Binti yuko nyuma yake kashika shavu la kulia, shikamoo yake sikuisikia, niliona tu midomo inacheza. Miaka 13, darasa la saba. Mama ameniruhusu niandike kisa chote, majina na mtaa siweki.

Nafanya kazi ya meno hapa Tanga mwaka wa 9 huu, na niseme ukweli, siku ile benchi lilikuwa limejaa mpaka nje, kung'oa gego la mtoto ukishapiga ganzi ni dakika kumi umemaliza, kutibu mzizi wa gego, yaani kulisafisha ndani mpaka mizizini na kuliziba libaki mdomoni, ni saa nzima na zaidi halafu lazima arudi tena na tena. Kwahiyo hata mimi mkono ulikuwa unavutwa kwenye koleo. Naandika haya sababu maamuzi mengi ya kung'oa yanafanyika hivyohivyo, mgonjwa kachoka na maumivu, daktari kachoka na foleni, na jino lenyewe hakuna aliyelitazama vizuri.

Nikauliza limeanza lini, mama akasema wiki hii, binti akatikisa kichwa. Ilianza likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa akila barafu ya ukwaju inamchoma upande wa kulia, akawa anailia kushoto, basi, hakumwambia mtu. Baadaye hata maji ya mtungi yakawa yanamchoma na maumivu hayaondoki akishameza, yanabaki dakika nzima. Halafu ikaja ya usiku, akilala tu jino linapwita kama lina moyo wake, anaamka anakaa kaegemea ukuta mpaka adhana ya alfajiri. Hapo ndo mama akajua, akaenda duka la dawa akapewa vidonge rangi mbili na flajili, siku tano, ikapungua, ikarudi, akapewa tena vilevile. Mara ya pili ikaacha kabisa. Wiki tatu mtoto halalamiki, mama akashukuru Mungu yameisha. Halafu siku moja anakula mahindi ya kuchoma upande wa nyuma wa jino ukakatika, na baada ya siku nne shavu likavimba.

Hizo wiki tatu za ukimya ndo nataka mtu azielewe vizuri, maana nazisikia kila wiki kwa wagonjwa tofauti. Ndani ya jino kuna chumba kidogo chenye mshipa wa fahamu na damu. Uozo ukikaribia mshipa unavimba, lakini uko ndani ya kuta ngumu hauna pa kutanukia, ndo maana ya yale maumivu ya usiku, ukilala damu inajaa kichwani presha inaongezeka mle ndani. Vidonge havifiki pale vya kutosha na hata vingefika haviondoi uozo. Kilichotokea wiki zile tatu ni kwamba mshipa ulikufa. Uliokufa hauumi. Ila bakteria wanabaki mle wanakula mabaki, wanashuka kwenye mizizi mpaka kwenye mfupa wa taya, na wakifika kwenye mfupa ndo unaona uvimbe. Mama alidhani dawa zimemsaidia mtoto na wala simlaumu, mtu yeyote angedhani hivyo.

Kabla ya kuangalia jino niliangalia kwanza hatari. Nikabonyeza chini ya taya, pako laini. Nikamwambia nyanyua ulimi, chini yake kuko kawaida. Fungua mdomo, vidole vyake vitatu vinaingia. Homa hana, mate anameza. Kama uvimbe ungekuwa umehamia chini ya taya na ulimi umenyanyuka, mdomo haufunguki, mate yanadondoka au pumzi inabana, hapo hatuzungumzi habari ya kuokoa jino wala kung'oa, hapo mgonjwa anakimbizwa hospitali kubwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, watu wanakufa na hiyo kitu.

Jino lenyewe ni gego la kwanza la chini kulia, la sita ukihesabu kutoka katikati. Katikati yake shimo jeusi, ukuta wa nyuma umevunjika, kuta zingine tatu zimesimama. Kwenye ufizi, usawa wa mzizi wa nyuma, kijipu kidogo kama kipele, ukikibonyeza kinatoa usaha. Nikaligonga taratibu na kitako cha kioo, akaruka. Nikaweka pamba yenye baridi kwenye gego la pembeni akanyoosha mkono haraka, nikaiweka kwenye hili nikasubiri, hakuna kitu, akanitazama tu. Jino halitikisiki. Nikazungusha kile kijiti chenye alama za milimita kati ya ufizi na jino, kote 3, hakuna mahali kilizama ghafla, na hilo lilinipa moyo sana maana mzizi uliopasuka kwa urefu mara nyingi unajionyesha hapo, kijiti kinadumbukia sehemu moja nyembamba. Eksirei ikaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi wa nyuma, kikubwa kuliko punje ya mchele, mfupa katikati ya mizizi miwili uko mzima.

Nikamwambia mama hili jino linaweza kuokolewa. Akaniuliza swali ambalo naulizwa na karibu kila mzazi: "Si litaota jingine?"

Halioti. Gego hili linaota mtoto akiwa na kama miaka 6, linakuja nyuma ya meno yote ya utotoni bila jino lolote kung'oka, kwahiyo mzazi hana habari kwamba kuna jino jipya, analihesabu kwenye meno ya maziwa. Ndo la kwanza la ukubwani kutoka, lina mabonde mabonde juu, linakaa nyuma ambako mswaki wa mtoto wa miaka 6 haufiki, na sisi hapa pwani watoto tunawanunulia ubuyu. Ubuyu ni mtamu na mchachu kwa pamoja, tena haumezwi, unamung'unywa punje moja moja kwa nusu saa na unga wake unanata kwenye yale mabonde. Binti alikuwa na rangi nyekundu ya ubuyu kwenye ulimi siku ileile aliyokuja amevimba. Sisemi watoto wasile, nimeula na mimi na bado naula, ila sio kutwa nzima kidogo kidogo, ule umalize usukutue na maji.

Sasa hapa kuna kitu wengi hawakijui, hata wenzangu wengine naona wanakipita. Umri. Binti huyu angeletwa kwangu akiwa na miaka 9 na gego lake limeoza hivi, ningemshauri mama tung'oe, na ningesema kwa moyo mweupe kabisa. Kati ya miaka 8 na 10 hivi lile gego la pili bado liko ndani ya mfupa linajitengeneza, ukiondoa la kwanza wakati huo la pili mara nyingi linapanda likisogea mbele linakaa kwenye nafasi ya mwenzake, mtoto anakua na gego zima ambalo halijawahi kuchimbwa. Lakini la pili linatoka kwenye miaka 12 hivi, na kwa binti huyu lilishatoka. Ukiling'oa la kwanza sasa, la pili halisogei wima, linalala kama mnazi uliosukumwa na upepo, linaacha pengo na chakula kinajaa chini yake. Jino lilelile, uozo uleule, miaka minne tu katikati, na jibu limegeuka.

Nilikuwa namuelezea haya mama naona hayaingii, anatazama ile elfu ishirini yake mezani. Ndipo alipocheka kidogo kwa aibu nikaona pengo lake. Chini kushoto, gego la sita hilohilo. Nikamuomba akae kwenye kiti, nikampa kioo cha mkononi.

"Hili uling'oa lini mama?"

"Zamani, nilikuwa sijaolewa. Nilikuwa na kama miaka 17."

Nikamuonyesha gego la nyuma ya pengo, limeinama mbele limelala. Nikamwambia uma meno taratibu, angalia la juu. Gego la juu lililokuwa linakutana na lile lililong'olewa limeshuka, limeingia kwenye pengo mpaka linakaribia kugusa ufizi wa chini. Yeye siku zote alijua kwamba upande wa kushoto hauli, nyama inakwama na ufizi unauma, ila hakuwahi kuunganisha na jino lililong'olewa alivyokuwa msichana. Akakaa na kile kioo muda mrefu, anafungua anafunga mdomo, anafungua anafunga. Halafu akanyanyuka akamwambia binti kaa.

Hapo bado sikuwa nimeahidi kitu, na nilimwambia hivyo. Jino haliamuliwi kwa eksirei peke yake, lazima uondoe uozo wote kwanza uone kimebaki nini. Kipimo ninachotumia mimi ni cha kawaida kabisa, ukishasafisha jino zima lazima ubaki na ukuta mgumu wa kama milimita 2 juu ya ufizi kulizunguka lote, ili kofia itakayokuja juu, lile ganda gumu la kufunika jino zima, iwe na cha kukumbatia. Ukiwa nayo kofia inalishika jino kama pete ya pipa inavyoshika mbao. Usipokuwa nayo unaweza kutibu mizizi vizuri kiasi gani, jino litavunjika tu baada ya mwaka mmoja au miwili na mgonjwa atakuwa amelipa mara mbili, kwanza kuokoa halafu kung'oa, na atawaambia mtaa mzima kwamba kutibu mzizi ni utapeli. Nikapiga ganzi, nikasafisha. Ukuta wa nyuma ulibaki milimita 2 na kidogo. Tukaendelea.

Ganzi ya taya la chini inapigwa nyuma kabisa, mdomo nusu unakuwa mzito. Watu wanaogopa kupigwa sindano wakiwa wamevimba, na mama alishaambiwa mtaani kwamba jino likivimba haliguswi mpaka uvimbe ushuke, lakini uvimbe unashuka usaha ukipata njia, na kuusubiri mtoto akiwa na jipu kwenye taya ni kumuweka kwenye hatari bure. Nikavuta ule mpira mwembamba wenye tundu moja, jino peke yake linachungulia, mate hayaingii na vifaa haviwezi kudondoka kooni. Nilipotoboa paa la chumba ikatoka harufu, yaani mama aliyekuwa kasimama pembeni akapandisha khanga puani. Halafu usaha kidogo na damu. Binti akashusha mabega. Alikuwa ameyabana tangu aingie mlangoni.

Gego hili kwa kawaida lina mizizi miwili na mirija mitatu, vile vitundu vyembamba ndani ya mizizi anamopita mshipa, miwili mbele mmoja nyuma. Nikaipata mitatu, lakini ule wa nyuma ulikuwa umekaa pembeni sio katikati, na mrija ukikaa pembeni unakuambia ana mwenzake upande wa pili. Nikatafuta na sindano ya ncha kali, nikakwangua kidogo, ikanasa. Wa nne. Kivuli kwenye eksirei kilikuwa kwenye mzizi huohuo wa nyuma, kwahiyo kama ningeridhika na mitatu ningefunga bakteria ndani na baada ya miezi ningeambiwa jino limekataa dawa. Meno mengi yanayosemwa yamekataa, ukiyafungua unakuta kuna mrija haukuguswa, au hapakuwekwa mpira mate yakaingia.

Mirija inasafishwa na faili, visindano vya chuma vyenye vishikio vya rangi, nyeupe namba 15, njano 20, nyekundu 25, unapanda taratibu, na kati ya kila moja unaosha na maji ya klorini. Binti alizipanga rangi zile kichwani, alipokuja mara ya pili alikuwa ananiambia "bado nyekundu". Nikaweka ndani dawa ya kusubiria ambayo ukweli ni chokaa, chokaa iliyozimwa ileile ya jamii ya kupakia nyumba ila safi ya hospitali, nikafunga kwa muda. Antibaiotiki sikumpa. Mama alishangaa sana, kavimba halafu anaondoka bila vidonge? Nikamwambia usaha umepata njia, homa hana, uvimbe uko sehemu moja, akianza homa au uvimbe ukiongezeka mnipigie siku hiyohiyo. Haikutokea. Wiki mbili baadaye kile kipele kwenye ufizi kilikuwa hakipo, nikakitafuta na kioo nikaona kialama tu.

Alipokuja mara ya tatu tukajaza mirija na gutapacha, ule utomvu wa miti ya Malaysia na visiwa vya kule, halafu nikajenga ukuta uliovunjika na rezini, ile ya kuzibia yenye rangi ya jino. Ile ya kuzibia ya rangi ya fedha yenye zebaki sikutaka kumuwekea, mkataba wa kimataifa wa zebaki umeshaweka kwamba chini ya miaka 15 isitumike, labda daktari aone hakuna budi. Ikabaki kofia, na kofia ndo palipotukwamisha.

Tuzungumze hela sasa maana bila hela haya yote ni hadithi. Kung'oa kwetu wakati ule elfu 20. Kutibu mizizi na kuziba laki na nusu. Kofia ya kauri kutoka maabara zaidi ya laki tatu. Mama anauza vitumbua na chai asubuhi. Huwezi kumwambia mtu kama huyu "okoa jino" halafu ukaangalia pembeni. Mizizi tulikubaliana alipe kwa awamu, alimaliza kwenye mwezi wa nne wa kulipa. Kofia ya kauri hakuwa na uwezo nayo na kwa kweli hata angekuwa nayo nisingeiweka, binti bado anakua, ufizi bado unashuka kwenye meno yake. Nikamuwekea kofia ya chuma iliyotengenezwa tayari kiwandani, unachagua saizi, unaikunja kingo, unaigandisha kwa simenti, siku moja imeisha na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile nyingine. Sio nzuri kwa macho, inang'aa, ila iko nyuma na inalilinda jino lisipasuke mpaka awe mtu mzima ajiamulie. Wengi wanaambiwa chaguo ni kauri au ung'oe. Hii ya katikati ipo, iulizieni.

Kwanini nang'ang'ania kofia hivi? Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, walifuatilia meno zaidi ya milioni 1.4 ya watu wenye bima yaliyotibiwa mizizi, baada ya miaka 8 meno 97 katika kila 100 yalikuwa bado yako mdomoni. Na yale machache yaliyokuja kung'olewa, 85 katika kila 100 hayakuwa na kofia. Gego linatafuna kila siku, likishachimbwa katikati limebaki kuta nne kama nyumba iliyoezuliwa, haliwezi.

Upande wa pili wa hesabu ni pengo. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika hauna kazi tena, unapungua, karibu nusu ya unene ndani ya mwaka mmoja na sehemu kubwa ya huo upungufu ni miezi 3 ya mwanzo. Elfu ishirini inamaliza maumivu leo kweli, lakini kuziba pengo baadaye kwa jino la bandia ni hela nyingine, na mama huyu miaka yote hakuwahi kuipata.

Miezi sita baadaye eksirei ilionyesha kivuli kimebaki kama nusu. Mwaka ulivyotimia, mwezi wa tatu mwaka huu, nikaweka picha mbili kwenye taa, ya kwanza na ya sasa, nikamuita binti aje aone mwenyewe, palipokuwa peusi pameota mfupa, umebaki uzi tu mwembamba. Tutaendelea kumuangalia kila mwaka, mifupa mingine inachukua mpaka miaka 4 kufunga vizuri. Yuko kidato cha kwanza. Barafu anakula pande zote.

Mama naye siku hiyo alikuja kwa ajili yake. Lile gego lililolala, upande ule wa mbele linapobana chakula, lilikuwa limeoza na alitaka tulitibu kama la mwanae, safari hii kaja na hela ya awamu ya kwanza. Nikapiga ganzi nikasafisha, nikaendelea kusafisha, uozo ukazama chini ya ufizi mpaka kwenye mfupa, upande wa mbele wote hakuna ukuta, sio milimita 2, hakuna kabisa. Nikasimamisha mashine nikampa kioo kilekile. Nilimwambia naweza kutibu mizizi, utalipa laki na nusu, na haitakaa. Akatazama, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikamwambia ninao.

Tukaling'oa. La juu lilivyoshuka limekula nafasi, itabidi nilipunguze kidogo kwanza, na kidonda kikipona anarudi kupimwa meno ya bandia ya kuvua, mawili.